Mama Glody, nisaidie na chai ya Papa

Bukavu, siku ya yenga mangaribi

Mama Glody, masheri wangu,

Jambo sana, jambo ku baba ya batoto, jambo ku batoto bote. Huku tuko, Mungu anasaidia. Mambo ya muji unayaonaka ku telefone hata mbele yangu, sitayaandika. Najua nilinyamaza sana, lakini na weye ulinyamaza, kwa hiyo hakuna wa kukasirikia mwenzake, tuko egale. Mama Ornella njo aliniambia kama Fiston atakuya, atashukia Kigali kisha akamate barabara ya Nyungwe, na valizi yake haiko ya kujaa. Kusikia vile nikakamata biki palepale. Niko na lazima ya kitu kidogo kutoka kule kwenu Bruxelles, chai ya bila kafeini, hakifike hata kilo, lakini ukikosea kukichagua itakuwa zero kabisa, kwa hiyo barua itakuwa ndefu, fanya kikombe yako kwanza, kisha ukae.

Ni juu ya Papa. Usishtuke, hayuko hospitali. Moyo ulikuwa unamurukaruka usiku, hapati usingizi, tukamupeleka kwa dokta, akamupima, akamuandikia dawa, na mu mwisho akasema: mzee, kafeini basi. Kahawa Papa haipendake, ile haikumuuma. Lakini chai! Weye unamujua. Mutu alianza kazi ku kiwanda cha chai angali kijana, mbele hata ya zairianizasio ya 1973, ile Mobutu alikamata biashara za bazungu, mpaka leo akikunywa anavuta na kelele yote vile walimufundisha, halafu anafungua mbirika anaangalia majani ya chini, anasema "hii waliikausha mbiombio". Tukarudi nyumbani hakusema kitu. Asubui akaomba chai yake. Mama akamuangalia, naye akamuangalia Mama, miye nikatoka inje juu sikutaka kuona nani atashinda.

Tulimupa sitroneli. Akakunywa yote kwa heshima, akasema aksanti, dawa ni muzuri, sasa chai iko wapi? Ya Bahati akatuma rooibos kutoka Lubumbashi, kule inapatikana bila shida juu bitu bya Afrika ya Kusini binapita Kasumbalesa kila siku. Ile rooibos iko muzuri, rangi nyekundu, na haina kafeini tangu mu shamba, sababu haiko muti wa chai hata kidogo, ni kijiti kingine cha kule kwao. Papa hakuionja. Aliinusa, akairudisha. Nikaenda Kadutu ku soko kuuliza kama kuko chai ya kawaida yenye walitosha kafeini, mama moja akacheka mpaka akashika meza: "Na chumvi ya kutosha chumvi, hautaki pia?" Na kweli ni kuchekesha, masheri, chai iko hapa ku milima yetu ku Mbayo, ukivuka Ruzizi kuko Shagasha na Gisakura, halafu miye niko naomba chai Bruxelles.

Mama Ornella naye akakuya na hekima yake, unamujua. Ati munamwanga maji ya kwanza, sekonde 30, kafeini yote inaenda, munaweka maji ingine, mzee anakunywa bila shida. Tulifanya vile karibu tumuue Papa na hasira, chai ilikuwa haina harufu. Na kumbe ile haiko ya kweli! Kafeini inatokaka polepole, sekonde 30 inatosha sehemu kidogo tu, ile mingine yote inabakia ndani na inakuya mu kikombe cha pili kwa raha yake. Chenye kinatoka mbio ni harufu. Kwa hiyo unatupa kizuri unabakisha chenye dokta alikatala. Nilimuambia Mama Ornella, akasema miye nasomaka sana.

Sasa sikia. Padri moja mwenye alirudi kwao alituachia katoni ya bitu bya jikoni, na ndani mulikuwa chai ya bila kafeini ya aina mbili, sanduku ya sashe na paketi kadogo ya majani. Sashe nikamupa kwanza. Ndani ni vumbi, masheri, vumbi ya kufagia. Papa alikunywa, halafu akafanya kitu: akaacha kilasi ya chai kavu pale ku dirisha ikapoa. Kisha akaniita. "Angalia." Naangalia nini? "Iko nyeupe peee, haikuchafuka." Kumbe zamani ku kiwanda, chai ya nguvu ikipoa inachafuka, inakuwa na wingu, na bazungu balikuwa banaifurahia ile wingu. Nilitafuta, ni kweli kabisa: kafeini na zile bitu bya uchungu bya chai binashikana wakati maji inapoa, njo inafanya wingu. Ukitosha kafeini, wingu inapunguka. Mzee wa miaka yote ile, bila laboratware, alijua na kilasi tu kama kuko kitu tulitosha. Sasa nani atamudanganya ule? Fiston ananiambia ku WhatsApp ati tumwange ile mupya mu bati yake ya zamani, tusiseme kitu. Miye, sijue. Nitarudilia hii.

Ile paketi ya majani njo ilituokoa. Siku ya kwanza nilimufanyia, akavuta na kelele, akanyamaza, akavuta tena. "Hii ni chai." Akaongeza: "ya mugonjwa, lakini ni chai." Kwake ile ni medali. Shida ni kwamba paketi iko inakwisha.

Sasa vile utachagua, usiende ku sipamarketi, enda ku duka ya chai yenyewe, ile yenye majani iko mu mabati makubwa na wanapima na kilo. Angalia andiko. Ikiandikwa "sans théine", bila kafeini, peke yake, simama kwanza, inaweza kuwa rooibos ao majani-majani ingine. Yenye natafuta ni "thé noir déthéiné", ile ilikuwa chai ya kweli na wakaitosha kafeini nyuma. Uliza ni ya wapi, Assam ao Ceylan yote ni sawa kwangu, juu Papa anaweka maziwa, na chai laini ikikutana na maziwa inapotea. Ndiyo maana usikamate ile ya majani ndefu kabisa yenye kujisokota, hata kama muuzaji anaisifu. Ile ya kuvunjika kidogo, BOP wanaandikaka, hiyo njo inatosha nguvu. Ya kuvunjika lakini siyo vumbi. Na tafazali, hapana Earl Grey, ile bergamoti Papa anaiita savon.

Halafu, na hapa masheri usione haya kuuliza, uliza waliitosha kafeini na nini. Kuko namna tatu zenye wanatumiaka sana. Kuko diklorometani, dawa ya kimia, sheria ya Ulaya inaacha ibakie mpaka miligramu 5 mu kilo ya chai, haiko mingi, lakini kwa mzee mwenye moyo unaruka sitaki hata kuanza kuhesabu. Kuko asetati ya etili, hii wanaandikaka "naturel" juu inapatikana pia mu matunda, lakini ni ile ile ya kutosha verni ku makucha, Mama Glody! Haina sumu pale, lakini inabeba utamu wa chai na inaachaka kaharufu ka matunda. Sashe za padri, naapa, zilikuwa na kale kaharufu. Na kuko gazi karbonike, CO2, hii njo nataka. Wanalowesha majani kidogo, wanaifungia mu chuma, wanaingiza gazi na kuifinya mpaka presio inapita bar 73 na joto inapita digri 31, pale haiko tena gazi na haiko maji, inaingia ndani ya jani mpaka katikati, inakamata kafeini, inatoka nayo. Wakifungua presio gazi inaenda zake, haiache kitu, na utamu mingi unabakia. Kafeini yenyewe wanaiuzisha ku batu ba masoda. Njo unaelewa kwa nini hakuna mutu wa kuifanya huku, ile machine ni bei ya kiwanda muzima. Wakikuambia hawajue ni namna gani, kamata ya "bio", juu bio hawaruhusiwe kutumia zile dawa mbili, inabakia gazi, ao ile namna ingine ya maji peke yake.

Nilisoma pia juu ya ule Mujerumani wa Bremen, Ludwig Roselius, mwenye alianzisha kahawa bila kafeini mu biashara, miaka ya 1900 na kitu. Papa wake alikuwa mwenye kuonjaka kahawa, alipokufa mutoto akasema ni kahawa ilimumaliza, akatafuta namna ya kutosha kafeini, na aliitosha na benzeni, dawa yenye leo hakuna mutu ataweka karibu na kikombe. Nilipoisoma nilikaa kidogo. Mutoto wa mwenye kuonja. Basi, tuendelee.

Kupika. Nakuandikia juu najua Mama atakupigia telefone kuuliza kama miye niko na haki, na uko naye egale ku bishi. Hapa Bukavu tuko juu, karibu metre 1500, maji inachemukaka ku digri 95, haifike 100 ya batu ba ku bahari. Chai ya bila kafeini tayari iko dhaifu, ukiimwangia maji ya kuanza kupoa umeiua. Na Mama yeye anataka kutumia maji ya termosi, yenye ilichemuka jana mangaribi! Tulibishana mpaka majirani bakasikia. Kwa hiyo: mbirika napasha kwanza na maji ya moto, namwanga. Kijiko ya kujaa kwa kikombe moja, karibu gramu 3, kupita chai ya kawaida. Maji inatoka ku mbabula ingali inaruka, inaenda palepale juu ya majani. Nafunika, nafunga na kitambaa, dakika 5, hata 6. Usiogope uchungu, kafeini yenyewe ilikuwa sehemu ya uchungu na haiko tena. Maziwa nachemusha mbali, naongeza ya moto. Ile namna yetu ya kutokotesha maji, maziwa, majani, sukari na tangawizi pamoja, kwa chai ya kawaida hakuna ya kuishinda, lakini hii inatosha tu ukakasi na haiongeze nguvu. Papa anakubali. Mama anasema ni bya bazungu.

Dokta nilimuuliza tena, juu bila kafeini haiko bila kabisa, mara nyingi kunabakiaka miligramu kidogo, kama 2 mpaka 5 mu kikombe, mahali chai ya kawaida iko na 40 ao 50. Akasema iko sawa, bikombe bitatu anaweza, lakini siyo usiku. Papa akasema usiku anakunywaka kwa sababu gani ingine.

Kwa kupima: gramu 250 ni kama bikombe 80, hajamaliza mwezi. Kama unaweza gramu 500, Mungu akubariki. Na sasa kitu chenye naomba kwa magoti: usiiweke mu valizi karibu na savon, parfume, kirimu, ao vile bitu byote najua utatumia ku badada. Chai inakamata harufu ya kila kitu, Bachina wanaitiaka harufu ya maua kwa kuilaza tu pamoja nayo. Weka mu bati ya chuma yenye inafunga vizuri, uizungushe na plastike mbili, na Fiston asiifungue ku njia ati anaonyesha batu.

Sasa niambie, ni ngapi, juu ukisema "ni kadeau" nitakatala, sambaza ya kukauka niko nayo tayari ya kukutumia na pilipili ile ya Mama, Fiston akirudi atabeba, ao kule wanakatala samaki ku aeroporo? Na weye mwenyewe uko unakuya lini, mwaka inaisha tena? Ile mambo ya karatasi za Glody ilifika wapi? Na kwa Papa, niambie kweli kweli: ungekuwa weye ungemuambia "Papa, hii imetoka Bruxelles, iko bila kafeini", ao ungeimwanga mu bati ya zamani na kuangalia? Mama anataka kunyamaza. Ya Bahati anataka kunyamaza. Miye nafikiri mutu mwenye alionja chai za batu maisha yote apewe paketi imefungwa, aifungue mwenyewe, aseme yenye atasema, lakini nikiwaza sura yake akisikia neno dokta... Unaonaje? Na Fiston anapanda ndege siku gani, juu Mama Ornella ananipa tarehe mbili?

Nijibu mbio, hata vokale ku WhatsApp ni sawa.

Wako,
Mama Neema