Njoo tuinunue hii mashua

Kaka Bahati,

Salamu kutoka Bukavu. Mama Furaha na watoto ni wazima, mvua imekatika, vumbi limeanza. Nimepata mashua ya tanga ya hapa Ziwa Kivu inauzwa, na nataka tuinunue wawili, nusu kwa nusu.

Iko Nguba, imefunikwa shitingi chini ya mti wa avoka. Mwenyewe ni mzee ambaye magoti yamemkatalia. Ni ya faiba, mita tano na kidogo, na ule ubao wa chini unapandishwa kwa kamba, kwa hiyo hata kwenye ufuko wa mawe tunaivuta wenyewe.

Nilikwenda na fundi wa mitumbwi. Aliigonga kote kwa mpini wa bisibisi, sikio karibu. Mahali pengine palilia ko, ko, pazima. Kwenye kitako cha mlingoti pakalia bu: maji yameingia katikati ya faiba, mbao ya ndani imeoza. Ni upana wa kiganja tu, atapaziba. Halafu akapitisha kitambaa kwenye waya zinazoshika mlingoti. Waya mmoja ukakinasa chini kabisa, nyuzi mbili zimekatika. Huo hauna dawa, ni kubadilisha. Tanga nalo jua limekula mishono, uzi unakatika kwa kucha.

Mzee anataka dola 2,000. Mimi nasema 1,300, wala tusipande hapo. Tunanunua bodi, mlingoti na usukani. Tanga tulichukulie kama nyongeza.

Jumamosi alituruhusu tuijaribu. Asubuhi hapakuwa na upepo, tukapiga kasia hadi tukaipita ncha ya La Botte, huku wavuvi wa sambaza wakituuliza hiyo nguo tumeianika ikauke? Saa tano upepo wa kusini ukaingia. Kaka, ile kamba ya tanga ilinivuta mkono, mashua ikalala ubavu, maji yakaanza kuimba chini ya miguu. Hakuna mota, hakuna harufu ya mafuta, mnasikilizana bila kupiga kelele. Tukaelekea upande wa kisiwa cha Idjwi tukila mahindi ya kuchoma. Kwenda ni mteremko. Kurudi ndiyo kazi, maana upepo uko usoni, tunabisha mshazari huku, tunabisha kule, na Bukavu haisogei. Nilifika nimeungua pua na bado sikutaka kushuka.

Wewe mwalimu wa fizikia nipigie hesabu hii: ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, upungufu wa uzito wake unakaribia asilimia 15. Nadhani tanga jipya lishonwe kubwa kidogo, ila tusizidishe, siku ya dhoruba tutajuta.

Shemeji akiogopa gesi ya ziwa, mwambie iko chini sana, imeyeyuka majini, mashua haiwezi kuichokoza. Mazuku ya huko kwenu Goma, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini, ndiyo ya kuogopa.

Fanya haraka. Kuna mfanyabiashara wa Idjwi anaitaka ang'oe mlingoti, aweke mota, abebe mananasi. Nipigie kabla ya Jumapili, na upite madukani Birere uulize waya usioshika kutu wa milimita 4. Wakikupa wa mabati, uache.

Ndugu yako,
Amani