Shukrani kwa kijana wa joho jeusi, Coimbra

Kijana uliyetukuta kwenye ngazi za Quebra Costas kule Coimbra, Ureno, mama yangu ameketi akishika goti, nakushukuru kwa moyo wote. Jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Uliutwaa mkoba wake, ukautundika begani juu ya joho lako jeusi la uanafunzi, ukampa mkono, ngazi moja, pumzi, ngazi nyingine, mpaka juu chuoni.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1290, kikatulia Coimbra mwaka 1537. Bila wewe ningekizuru peke yangu, mama akinisubiri chini.

Njiani ukatusimulia habari za popo wa Joanina, maktaba ya kale ya chuo hicho, wanaokula wadudu waharibifu wa vitabu, na jinsi meza zinavyofunikwa kwa ngozi kila jioni kuzikinga na kinyesi chao. Mama alipoingia, dhahabu yote ile ya mapambo hakuitazama kwanza. Aliinamia meza.

Wageni wakija nyumbani, mama huanza na popo, kisha wewe. Anakuita “mwanangu wa Ureno”. Ahsante sana, Mungu akuzidishie.