Tusaidieni tuwafikie wenzetu kabla sigara haijawafikia

Wazazi wetu, walimu, majirani na nyote mliosoma shule hii kabla yetu, shikamooni.

Sisi ni wanafunzi wa klabu ya afya, shule ya sekondari hapa Likoni. Tunaomba mtuchangie shilingi 150,000 tuzunguke shule za jirani muhula huu, tuzungumze na wenzetu kuhusu sigara, vepu (sigara za kielektroniki) na vile vifuko vya nikotini vinavyobanwa chini ya mdomo.

Mzazi anaweza kuikuta vepu mezani kwa mwanawe asiitambue. Nyingine hufanana na flashi ya kompyuta, na harufu yake ni ya embe au mnanaa. Lakini nyingi zina nikotini, ileile ya sigara, na ubongo wa binadamu huendelea kukua hadi karibu miaka 25. Anayeanza na miaka 14 hunaswa upesi. Akikosa kuvuta kipindi kizima cha hesabu, huwa na hasira na hasikii anachofundishwa. Haya tunayaona darasani.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na inakataza kuziuza mojamoja. Hata hivyo vibandani zinauzwa mojamoja, kando ya peremende, na umri hauulizwi. Kwa hiyo wenye vibanda nao tutawaendea, kwa adabu, tukiongozana na mzazi, tuwasomee sheria hiyo kwa Kiswahili.

Shuleni tutapeleka mchezo wa kuigiza, maana hotuba tumezisikia nyingi. Mtoto akimwona mwenzake jukwaani akihangaikia sarafu ya sigara, huuliza maswali asiyothubutu kumuuliza mwalimu.

Wanaotuuma zaidi ni wale walioanza tayari. Kumrudisha mwanafunzi nyumbani wiki mbili hakumwachishi, kunampa tu nafasi ya kuvuta. Wapo miongoni mwetu wanaotaka kuacha na hawana wa kumwambia. Ndiyo maana fungu kubwa, shilingi 60,000, ni la mshauri nasaha atakayekuja kila wiki, na watakaomwendea majina yao hayataandikwa popote. Basi la kutuzungusha shuleni ni 45,000, spika na maikrofoni 30,000, uchapishaji 15,000.

Harambee ni Jumamosi inayotangulia Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, 31 Mei, saa nane mchana, uwanjani hapa shuleni. Mchezo wenyewe mtauona siku hiyo. Michango anapokea mweka hazina wa kamati ya wazazi na kila mtoaji atapewa stakabadhi; hesabu zitabandikwa kwenye ubao wa shule. Fedha za kampuni ya tumbaku hatutazipokea, hata zije kwa jina la ufadhili wa michezo.

Asiye na fedha, tunahitaji pia fundi cherehani wa kutushonea mavazi ya jukwaani, na turubai la kuazima siku ya harambee.