Tutajieni uzito wa trekta, si farasi peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie matrekta madogo, yale yenye injini ya nguvu za farasi 20 hadi 60 hivi, ambayo watu wenye ekari chache huyatumia kufyeka nyasi, kusomba udongo na mbolea, kuvuta magogo na kutengeneza njia. Katika makala na matangazo ninayoyasoma, kipimo kinachotangulia, na mara nyingi ndicho pekee kinachotajwa, ni nguvu ya injini. Kwa hiyo mtu anayetaka kuachana na trekta lake achukue kubwa kidogo hulinganisha 25 na 35, akaamini kwamba amekwisha kulinganisha matrekta.

Trekta langu la kwanza lilikuwa la farasi 25, na injini yake haikuwahi kunishinda. Kilichonifanya nilibadilishe ni uzito. Siku moja nilikuwa nimechota udongo mbichi kwa ndoo ya mbele, imejaa pomoni, nikawa nageuka kwenye mteremko ambao kwa macho ulikuwa si kitu. Gurudumu la nyuma la upande wa juu likaachana na ardhi. Niliyaona meno ya tairi yakizunguka hewani huku tope likidondoka, nikashusha ndoo hadi ikagusa chini, ndipo gurudumu liliporudi mahali pake. Ndoo ilikuwa chini ya usawa wa magoti. Kama ningekuwa nimeinyanyua juu, sidhani kama ningeandika barua hii.

Jambo hili lina sababu ambayo kila mnunuzi anastahili kuelezwa. Ekseli ya mbele ya trekta hukaa kwenye pini moja katikati na kuyumba kufuata ardhi, hivyo sehemu ya mbele husaidia kidogo sana kulizuia trekta lisilale ubavu. Kazi hiyo ni ya magurudumu ya nyuma. Mzigo unaobebwa mbele ya ekseli hiyo huyapunguzia magurudumu ya nyuma uzito, kama mizani inavyoinuka upande mmoja ukiulemea mwingine. Tena katika matrekta mengi breki hushika magurudumu ya nyuma tu, na yakiwa mepesi kwenye mteremko, breki hazina pa kushikia isipokuwa magurudumu yote manne yameunganishwa. Ndiyo maana anayetumia ndoo ya mbele hufunga chuma kizito nyuma, au hujaza maji ndani ya matairi ya nyuma hadi kama robo tatu. Trekta kubwa kidogo hukupa kilo zaidi na upana zaidi kati ya magurudumu, na hicho, kwa maoni yangu, ndicho unachokinunua hasa. Farasi kumi za ziada ni nyongeza tu.

Uwezo wa kunyanyua nao hutajwa kwa namna inayopotosha. Kuna watengenezaji wanaoupima kwenye ncha za mikono ya nyuma inayobeba zana, na wengine huupima sentimita 61 nyuma ya ncha hizo, mahali ambapo mzigo halisi hukaa, na tarakimu ya pili daima huwa ndogo. Ukiziweka tarakimu hizo mbili bega kwa bega bila kuuliza zilipimwa wapi, unaweza kulipa zaidi kwa trekta linalonyanyua kidogo. Hata nguvu ya injini yenyewe haifiki yote kwenye shafti ya nyuma inayoendesha mashine ya kufyekea, hasa kama gia ni za haidroliki.

Halafu kuna zana ulizo nazo tayari. Matrekta madogo kabisa hutumia pini za chini za kufungia zana za milimita 16, na yanayofuata hutumia za milimita 22, kwa hiyo zana inaweza kukataa kuingia. Shafti ya kuunganishia trekta na zana inastahili uangalifu mkubwa zaidi. Mzunguko wa kawaida ni ule ule, mara 540 kwa dakika, lakini umbali kati ya trekta na zana hubadilika. Shafti ikiwa ndefu mno, ukinyanyua zana hugota mwisho na kuharibu giaboksi. Ikiwa fupi mno, vipande vyake viwili huweza kuchomoka kazini. Fundi aipime shafti hiyo zana ikiwa chini na ikiwa juu kabla ya kukata chochote, na kifuniko cha plastiki kirudishwe. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde moja, na nguo ikinaswa hapo, mtu hana muda wa kuivua.

Ukubwa una gharama zake, sikatai: geti huwa jembamba, trekta hugeuka kwa shida kati ya miti, na ardhi iliyolowa hushindiliwa zaidi. Hayo mtu anaweza kuyapima mwenyewe kwa futi kamba. Asichoweza kukipima ni kile ambacho muuzaji hakukiandika.

Ombi langu ni kwamba gazeti, linapoandika kuhusu trekta lolote, litaje uzito wake bila zana, uwezo wa kunyanyua na mahali ulipopimiwa, nguvu inayofika kwenye shafti, na kama upinde wa kinga nyuma ya dereva upo pamoja na mkanda wa kiti, kwa sababu trekta likipinduka upinde bila mkanda haumwokoi aliyerushwa nje ya kiti. Na mwandishi wenu akialikwa tena kulitazama trekta jipya, naomba amtake muuzaji aijaze ndoo udongo mbichi, ageuke nalo taratibu ndoo ikiwa chini, kwanza likiwa na uzito nyuma kisha bila uzito huo kwenye uwanja tambarare, na atuandikie magurudumu ya nyuma yalifanya nini.

Wako,
Msomaji na mtumiaji wa trekta dogo