Watafiti chipukizi wasiishi kwa kusubiri mradi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ajira za vijana waliosomea biolojia ya molekuli na seli, ambao nchini kwetu wengi wao hawana mwajiri bali wana mradi.

Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 14. Kijana wa mwisho niliyemfundisha, mwenye shahada ya uzamili, alitumia karibu mwaka mzima kabla hajaweza kutoa vinasaba kwenye tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi bila kuichafua sampuli ya jirani. Mkataba wake ulikuwa wa miezi sita sita. Fedha za mfadhili zilipositishwa mapema mwaka 2025, alipewa barua ya mistari minne akaondoka. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ikabaki imejaa vichupa vyenye mwandiko wake, na yeye sasa anauza vifaa vya hospitali Kariakoo. Simlaumu, kwani huko analipwa kila mwezi.

Kazi ya kufanya ipo tele. Badiliko la R561H katika jeni ya K13 ya vimelea vya malaria, linalofanya dawa ya artemisinini ichelewe kuviua, lilibainika Rwanda, kisha mkoani Kagera, na badiliko la namna hiyo halionekani kwa hadubini hata uwe na macho ya mwewe. Linahitaji mtu anayejua kusoma mpangilio wa vinasaba. Mkoani humo humo virusi vya Marburg vilithibitishwa Machi 2023, na tena Januari 2025 wilayani Biharamulo. Sizungumzii hata michirizi kahawia ya muhogo, ugonjwa ulioelezwa na watafiti wa Amani, Tanga, tangu miaka ya 1930, ambao bado unaozesha mihogo ikiwa ardhini.

Tume ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986, na inao mfuko wa kuendeleza utafiti. Ninachoomba ni kwamba sehemu ya fedha za ndani itengwe kulipa mishahara ya watafiti chipukizi kwa mikataba ya miaka mitatu hadi mitano, mtu aajiriwe na taasisi, si na mradi, ili mfadhili akiondoka ujuzi usiondoke naye. Mashine ya PCR, ile ya kurudufu vinasaba, ikikaa bila kutumika unaweza kuifunika turubai ukaikuta. Mikono iliyozoea kupima maikrolita mbili haifunikwi.

Matangazo ya kazi nayo yatazamwe upya, maana kumdai mhitimu uzoefu wa miaka mitatu, ilhali tunampa nafasi ya kujitolea tu bila hata nauli, ni kuwachagua wenye wazazi wa kuwalisha.

Katika ikama ya taasisi yetu nafasi ya mtafiti ipo wazi tangu mwenye nayo alipostaafu. Kibali cha kuijaza ndicho tunachosubiri.

Mtumishi wa maabara,
Dar es Salaam