Ami, usiziache nyumbani picha za zamani

Ami yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Nakuandikia hadharani kwa sababu huenda Unguja na Pemba wamo wengine wenye hali kama yako, na kwa sababu neno "saratani" lilitamkwa mbele yako kabla halijathibitishwa.

Macho yako yalipogeuka manjano na mkojo ukawa kama chai ya rangi, sote tulihofia saratani ya kongosho, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini kazi yangu ni ya chumba cha picha, na nilipoitazama CT yako, ile picha ya eksirei ya kompyuta, niliona kongosho zima limevimba mfano wa soseji, mikunjo ya kingo zake imepotea, na limezungukwa na utepe mwembamba wenye kivuli hafifu. Saratani aghalabu hukaa mahali pamoja, na mrija wa kongosho ulio nyuma yake hutanuka. Wako ulikuwa umebana kama uzi. Nikashuka kwenye figo, nikakuta zote mbili zina mabaka yasiyofyonza vizuri dawa ya kontrasti uliyochomwa mshipani.

Hapo nikakumbuka tezi zilizokuvimba chini ya taya mwaka juzi, ambazo tulizisingizia meno. Picha ile ya shingo niliibeba kwa mkono wangu, Ami, na sikumwonyesha daktari wa tumbo. Najuta mpaka leo.

Upo ugonjwa adimu unaoitwa kwa jina la IgG4, aina ya kingamwili, yaani protini ya kinga iliyomo katika damu; ugonjwa huo huvimbisha viungo vingi, pengine kwa zamu, na huwapata zaidi wanaume waliovuka umri wa makamo. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walieleza kwamba kingamwili hiyo hupanda katika damu ya wagonjwa wa aina fulani ya uvimbe wa kongosho, na mwaka 2003 wenzao wa huko huko wakapendekeza kuwa ni ugonjwa wa mwili mzima. Kwa hiyo anayesoma picha ya kiungo kimoja peke yake anaweza kuupita bila kuujua.

Hata hivyo, picha hutuelekeza tu. Kipimo cha damu nacho hakitoshi, kwani IgG4 huweza kupanda hata kwa mwenye saratani, na wapo wenye ugonjwa huu ambao damu yao haionyeshi kitu. Ndiyo maana daktari anataka kukata kinyama kidogo kikapimwe, nami nakusihi ukubali. Ikithibitika, dawa ya prednisoloni huweza kuupunguza uvimbe katika wiki chache. Lakini usiinunue dukani kabla ya majibu, kwa kuwa huweza kuuficha ugonjwa mwingine, na sukari yako itapanda.

Utakapopanda boti Mkoani, chukua ile bahasha kubwa ya kahawia iliyo juu ya kabati, na altrasaundi zote hata zilizofifia, uzifunge ndani ya mfuko wa plastiki zisirowe. Nitakuwa bandarini Malindi nakusubiri.