Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: mtuulize kwanza tunameza nini

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Mkoa, shikamoo. Na mbukwenyi, kama tunavyosalimiana huku kwetu.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Chang'ombe hapa hapa Dodoma mjini, na nina baridi yabisi mwaka wa tisa sasa. Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu, sasa kipupwe kimeingia, upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe, vumbi na baridi pamoja, kila nyumba kuna mtu anakohoa, ukipanda daladala unasikia watu wanasema aah ni mafua tu haya. Na mengi ni mafua kweli. Ila korona haijaondoka, Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura imekwisha na watu wengi wakaelewa kwamba ugonjwa ndo umekwisha. Kwa kijana mwenye afya labda hamna tofauti kubwa, atalala siku tatu ataamka. Kwa sisi wa baridi yabisi, na wenzetu wa lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia mwili wa mwenyewe, hesabu ni nyingine, ndo maana nakuandikia.

Naomba nieleze kidogo maana najua barua hii wataisoma na wengine. Baridi yabisi niliyonayo mimi siyo yale magoti ya uzeeni. Ni kinga ya mwili wangu mwenyewe imekosea adui, inashambulia viungo vyangu. Asubuhi vidole vinaamka vimevimba vimekakamaa, kifuniko cha chupa ya maji sifungui, uzi kwenye tundu la sindano sipitishi mpaka saa nne hivi jua likishapanda. Mwanangu wa darasa la tano kila siku kabla hajaenda shule ananitungia sindano tano sita anazichomeka kwenye kijimto changu, ndo nafanyia kazi za mkono mpaka arudi. Haya ni maisha ya mtu aliye kwenye dawa, asiye na dawa hata kikombe cha chai kinamshinda. Na dawa zenyewe kazi yake ni kuituliza hiyo kinga, kwa hiyo kirusi kikiingia tunapata hofu mbili kwa mpigo, tukiendelea na dawa kinga iko chini, tukiacha ugonjwa unaamka.

Sasa yaliyonikuta. Mwezi wa saba 2021, chanjo zilikuwa bado hazijaanza, si unakumbuka Rais Samia alichanjwa tarehe 28 mwezi huo huo pale Ikulu, mimi niliugua wiki kama mbili kabla. Homa, kikohozi, pua haisikii hata harufu ya dagaa wanaokaangwa, mwili wote unauma. Nikaenda kituo kimoja cha afya, sitakitaja kwa sababu sitaki kumharibia mtu kazi na naamini alinishauri kwa nia njema. Nikatoa dawa zangu zote mezani: methotreksati ya mara moja kwa wiki, haidroksiklorokwini, foliki asidi ambayo ni vitamini tu, na prednisoloni, yaani steroidi ya vidonge ya kutuliza uvimbe, miligramu 10 kila siku ambayo nilikuwa naimeza kwa miaka mitatu. Akaziangalia, akasema hizi zote zinashusha kinga mama, acha zote mpaka upone.

Nikaacha zote, nani anabishana na mtu aliyevaa koti jeupe.

Siku ya tatu nikaanza kutapika, nikisimama kizunguzungu, macho yanaona giza, jasho la baridi, nikawa hata kuongea siwezi vizuri. Jirani yangu akanipakia kwenye bajaji, akanipeleka sehemu nyingine. Pale walidhani ni korona imenizidi, presha ilikuwa chini kabisa, wanahangaika na oksijeni, na oksijeni wala haikuwa mbaya sana. Akaja tabibu mmoja kijana, binti mdogo tu, akainama akaniuliza, "Mama, kabla hujaumwa ulikuwa unameza nini?" Jirani akampa bahasha ya kaki yenye dawa zangu. Alipoiona ile prednisoloni akauliza imeachwa lini, akaambiwa siku nne, hakusubiri, akaagiza dripu na sindano ya haidrokotisoni, nayo ni steroidi. Jioni nilikuwa nimekaa kitandani naomba uji.

Baadae alinieleza vizuri na sijasahau mpaka leo. Mwili wa binadamu una vitezi viwili juu ya figo vinavyotengeneza steroidi yake yenyewe, ndiyo inayoshikilia presha na sukari mtu akiumwa. Ukimeza steroidi ya vidonge muda mrefu vile vitezi vinalala, vinajua kuna anayefanya kazi kwa niaba yao. Sasa ukikata vidonge ghafla, tena katikati ya homa ambapo mwili unahitaji steroidi nyingi kuliko kawaida, hamna wa kuushika mwili. Mtu anakufa, na kwenye cheti itaandikwa korona.

Yule wa kwanza kwa methotreksati alikuwa sawa, hata miongozo ya madaktari wa viungo inasema ukipata korona unaisimamisha kwanza mpaka upate nafuu. Haidroksiklorokwini ningeweza kuendelea nayo. Prednisoloni ndo haikatwi ghafla hata kidogo. Yaani dawa tatu, majibu matatu tofauti, na mimi nilipewa jibu moja.

Mheshimiwa, toka siku ile nimekuwa mtu wa kusoma na kuuliza kila nikienda kliniki. Mwezi Machi 2020 madaktari wa magonjwa haya duniani waliungana wakaanza kukusanya taarifa za wagonjwa wao waliopata korona. Majibu ya mwanzo yalitoka mwezi Mei mwaka huo huo, wagonjwa 600 kutoka nchi 40, wakaona waliokuwa wanameza prednisoloni miligramu 10 au zaidi kwa siku walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kulazwa. Mwaka uliofuata wakaangalia wagonjwa zaidi ya 3,700, wakakuta kwamba ambao ugonjwa wao wa viungo ulikuwa umechachamaa walikuwa kwenye hatari kubwa ya kufa kuliko ambao ulikuwa umetulia, na waliokuwa kwenye sindano za ritusimabu, dawa nyingine ya kutuliza kinga, nao hatari ilikuwa juu. Hapo ndo mimi nilielewa. Kumwambia mgonjwa aache dawa siku zote kwa kuogopa korona hakumlindi, ugonjwa ukiamka hatari nayo inapanda, halafu akishaanza kuumia anakimbilia steroidi kwa wingi. Kinachotulinda ni ugonjwa utulie kwa dawa zake, na steroidi ishushwe taratibu mpaka kiwango kidogo kinachowezekana, na daktari, siyo peke yako nyumbani.

Na dawa zetu hizi hizi ndizo zilizokuja kuwasaidia wengine, hili huwa linanigusa sana. Dekisamethasoni ni steroidi, Uingereza Juni 2020 walionesha kwamba inapunguza vifo kwa wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni, waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia vifo vilipungua kwa theluthi moja. Kwa asiyehitaji oksijeni haikusaidia. Tosilizumabu na barisitinibu ni dawa za baridi yabisi, Shirika la Afya Duniani likaja kuzipendekeza kwa wagonjwa mahututi wa korona, kwa sababu kwa mahututi tatizo linakuwa ni kinga imepandwa na hasira inaunguza mapafu ya mwenyewe, na hiyo hasira sisi tunaishi nayo kila siku.

Ila haidroksiklorokwini ilituumiza. Machi 2020 Marekani waliiruhusu kwa dharura kutibu korona, dunia nzima ikaikimbilia, tarehe 15 Juni wakafuta ile ruhusa maana haikuonekana kusaidia. Katikati hapo mimi nazunguka maduka ya dawa nawaambia naumwa viungo, naambiwa imeisha mama, na iliyopatikana bei haikuwa ile niliyoizoea. Dada mmoja tuliyekuwa naye kliniki, mwenye lupasi, alikaa bila dawa wiki sita, uso ukarudi wekundu, figo zikaanza kusumbua. Kwa mtu wa lupasi ile dawa ni uhai.

Sasa kuna kitu naona kinatisha kuliko hata yaliyonikuta mimi, nacho ni vile vidonge vidogo vyeupe. Mama yangu mdogo yuko Bahi, analima mpunga, magoti na vidole vinamsumbua miaka mingi, hajawahi kuonana na daktari bingwa wa viungo. Kila mnada anafungiwa vidonge kwenye kikaratasi, anameza, maumivu yanakata siku hiyo hiyo, anarudi shambani. Uso umekuwa wa mviringo na watu wanamsifia amenenepa. Mimi nikauangalia ule uso nikajua, maana na mimi nilikuwa nao. Ile ni steroidi, na hajui. Hamna daftari lililoandika, hamna kadi. Kesho akipata korona, akalazwa, vidonge vimebaki nyumbani kwenye kabati, presha ikashuka, nani atajua? Na wapo wengi mno kama yeye, kwenye kila mnada nikipita nawaona.

Ndo maana naomba hivi, na siombi mashine wala jengo. Tuma waraka wa ukurasa mmoja kwenye kila zahanati na kituo cha afya cha mkoa huu, Kondoa mpaka Mpwapwa, Kongwa mpaka Bahi, kwamba mgonjwa yeyote wa kifua na homa aulizwe kama ana maumivu ya viungo ya muda mrefu na anameza nini, ikiwemo vya dukani na vya mnadani, na kama ni steroidi isikatwe, apigiwe simu daktari. Uingereza mtu anayetumia steroidi muda mrefu anatembea na kadi ndogo inayomwambia nesi au daktari yeyote kwamba huyu asikatiwe. Kadi ni karatasi tu jamani, stationari ya pale karibu na soko la Majengo wanaprinti kadi za harusi mia tano kwa siku moja.

Na wale wanaobaki na maumivu ya viungo baada ya korona, naomba nao wasifukuzwe kwa panadoli. Wengi yanaisha yenyewe, lakini vidole vikibaki vimevimba zaidi ya wiki sita huyo apimwe. Kirusi kuacha maumivu ya viungo kwetu siyo jambo geni, hata jina chikungunya limetoka kwenye Kimakonde, la ugonjwa unaomkunja mtu.

Chanjo nayo mtueleze bila kutuchanganya. Walio kwenye ritusimabu inabidi wapangiwe muda, la sivyo chanjo inapita bure, na kwenye methotreksati Uingereza walijaribu kuisimamisha wiki mbili baada ya chanjo, askari wa mwili wakaongezeka kama mara mbili, ingawa wengine ugonjwa uliamka kidogo. Kwa hiyo ni la kuamua na daktari wako, ila huwezi kuamua kitu ambacho hujawahi kuambiwa.

Mama mdogo anakuja Dodoma wiki ijayo, nimemsihi sana mpaka kakubali. Nimemwambia asiache hata kidonge kimoja njiani na kile kikaratasi aje nacho hivyo hivyo kilivyofungwa. Kikohozi alikuwa nacho tangu juzi. Nitampeleka kituo cha karibu na kwangu, na mimi nitakaa nje kwenye benchi kama utaratibu ulivyo, naomba tu atakayempokea ndani aanze na lile swali la yule binti.

Wako,
Fundi cherehani, Chang'ombe, Dodoma